Kanzu ya Baba Ukingoni mwa Bwawa

Kabambare, 9 Februari 1954

Kwa mdogo wangu Assumani bin Lukumani, Kasongo.

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mkeo Hawa na watoto. Mbusie Mama mkono, umwambie mchele wake ulifika, ingawa dereva Kassimu aliukalia njia nzima na ukanuka petroli. Tumeula hivyo hivyo. Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri wangu kila mvua ikinyesha.

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, kwa sababu karani wa posta hapa amezoea kusoma barua za watu. Mwezi uliopita alinipa pole ya kifo cha mbuzi wako kabla sijaipokea barua yenyewe. Herufi hizi zitampa mapumziko.

Neno lenyewe ni bwawa. Unajua marehemu mume wangu, Heri, alilichimba kwa jembe lake, Leta, serikali ya Wabelgiji, ilipotaka kila kijiji kiwe na samaki wake. Octave, moniteri anayefundisha kilimo, alituletea vifaranga katika mtungi, wakaongezeka, tukala na kuuza. Sasa tumepata wageni. Fisimaji wawili, dume na jike, wamepanda kutoka mto Luama. Hawali kama wenye njaa, Assumani. Wanang'ata kichwa, wanautupa mkia juu ya jiwe, wanashika mwingine. Asubuhi nakuta kinyesi chao kimejaa magamba, kimewekwa mahali pa wazi kabisa, kama mtu aliyekuachia salamu.

Nimezungushia ua wa mianzi, wamepita chini. Nimefunga mbwa, wamezoeana. Octave anasema dawa ni bunduki. Mwenye bunduki ya kibali hapa ni mmoja tu, shemeji yangu Musafiri, na kila nikimwomba anajibu kuwa baruti yake imelowa. Imelowa tangu kiangazi. Akufukuzaye hakwambii toka. Kwa desturi ya hapa maji ni ya mwenye samaki, na udongo ni wa ukoo. Bwawa likiwa na samaki wangu, hakuna wa kunigusa, nakaa na nyumba yangu juu yake. Likikauka au likibaki tupu, ni shimo tu, na shimo linarudi kwa ukoo, yaani kwa Musafiri. Mimi nitakuwa mjane mgeni asiye na shimo.

Lakini samaki bado wapo wengi, usiwe na wasiwasi.

Dada yako, Nuru binti Lukumani


Kasongo, 21 Machi 1954

Kwa Dada Nuru, shikamoo yangu iwe mbele ya maneno yote.

Barua yako ilichelewa kwa sababu ya kivuko. Sisi wazima. Mama hajambo, anakula. Duka la vitambaa liko kama lilivyokuwa, watu wanaingia, wanashika kitambaa, wanasifu, wanatoka. Hawa anakusalimu, anasema ukija umletee mawese ya huko.

Dada, nimecheka na nimechoka. Mtoto wa Lukumani, aliyesoma juzuu zote chuoni, leo anahesabiwa mikia na fisimaji. Liache hilo bwawa. Chumba chako kiko palepale, sijakipangisha. Heri alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hakukuoa ili uje kulinda matope.

Najua hutanisikia, ndiyo maana nimekutumia kitu kwa mkono wa Kassimu. Ni kanzu ya Baba, ile nyeupe ya Idi, na kofia yake. Tafuta mti wa urefu wa mtu, ufunge mwingine mabegani, umvalishe, umsimamishe ukingoni. Mnyama akiona mtu mweupe amesimama hatakaribia. Wenye mashamba ya mpunga hapa hufanya hivyo kwa ndege.

Usiniambie ni nguo ya marehemu. Imetundikwa msumarini tangu tulipomzika, miaka mitano sasa. Mimi siwezi kuivaa, siwezi kuiuza, na mkasi nimeushika mara mbili nikaurudisha. Afadhali ifanye kazi huko.

Kila nikikuandikia Mama anauliza utakuja lini.

Mdogo wako, Assumani


Kabambare, 27 Aprili 1954

Kwa mdogo wangu Assumani.

Ramadhani inakaribia, Mungu atufikishe sote. Nimepokea kanzu, na ndani yake nimekuta harufu ya udi. Nikakaa nayo mapajani siku nzima bila kufanya kazi, nikisema kesho nitaisimamisha, kesho nitaisimamisha.

Nimeisimamisha. Asubuhi ya kwanza nilitoka na ndoo nikaiamkia, shikamoo Baba, ndipo nikakumbuka ni miti. Fisimaji hawakushtuka hata kidogo. Walikuja wakala chini yake, kivulini, wakamwachia mkia mmoja miguuni. Lakini baada ya majuma machache wameondoka. Jiwe lao ni kavu, hakuna kinyesi kipya. Alipokuwa hai Baba hakuweza hata kumfukuza kuku barazani, sasa kafukuza fisimaji. Basi ahsante, dawa yako imefanya kazi.

Watoto wa hapa wameipenda, wanaipigia saluti kama askari. Ila mzee Bulaimu, jirani yangu mwenye bwawa la chini, alipoiona mara ya kwanza alisimama, akaweka mzigo chini, akageuka. Tangu siku hiyo hapiti njia ya bwawani, anazunguka kwa juu, kwenye mihogo. Nimemuuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Wewe unaandika Mama hajambo, anakula. Zamani uliniandikia alichosema, alivyomtania Hawa, alivyogombana na muuza maziwa. Sasa ni hajambo tu. Hasemi kitu siku hizi?

Nuru


Kasongo, 19 Juni 1954

Kwa Dada Nuru, shikamoo.

Idi imepita salama. Tulichinja, tukagawa, majirani wakaja. Watoto walivaa nguo mpya nilizowashonea mwenyewe, nisinunue mtu akadhani biashara ni nzuri. Nisamehe kuchelewa, nilikuwa na homa, kisha Kassimu gari lake lilivunjika huko njiani.

Mama hajambo. Macho yake sasa yanaona weupe na weusi tu. Usingizi umepungua. Umeuliza kama hasemi kitu. Anasema, anasema sana. Hivyo tu.

Nyama ameikataa. Anataka samaki, na wa Lualaba hawataki, anasema si hao. Nimemwambia Dada Nuru ana bwawa zima, akatulia kama mtoto. Basi nitumie kikapu kidogo cha samaki wakavu kwa Kassimu. Sikusumbui kwa lingine. Na ukiweza, usikitume, kilete. Njoo umwone.

Nimefurahi kwamba kanzu imekufaa. Huyo mzee Bulaimu, mwache apite anakotaka.

Assumani


Kabambare, 22 Agosti 1954

Kwa mdogo wangu Assumani.

Salamu kwa wote. Najua umengoja kikapu. Kassimu amepita hapa mara tatu, na mara zote nimemwambia samaki hawajakauka vizuri. Sitamwambia mara ya nne.

Hakuna samaki. Hawakuwepo wengi hata nilipokuandikia mara ya kwanza. Walikuwa wamebaki wachache wa kuonekana wakiruka jioni, nami nikawaita wengi. Fisimaji hawakukimbia kanzu. Walimaliza, wakaondoka, kama watu wanavyoondoka kwenye karamu sufuria zikibaki tupu. Nilijua hivyo siku ile ile nilipokushukuru. Kila asubuhi natupa majani ya muhogo majini, mbele ya macho ya watu, nalisha maji.

Nilidhani nitapata vifaranga kimya kimya kwa Octave kabla Musafiri hajagundua. Lakini Octave amehamishiwa upande wa Salamabila, na wanyama wale walihama kwangu wakaingia bwawa la Bulaimu, kisha la kapita, mkuu wa kijiji, kisha la Musafiri mwenyewe. Baruti ikakauka siku hiyo hiyo, lakini hajawapata.

Sasa sikiliza neno linalosemwa. Linasema Nuru amemsimamisha baba yake ukingoni, na baba yake anawaswaga fisimaji kwa majirani. Samaki wa Nuru wananenepa, wa wenzake wanaliwa. Musafiri analisema kwa sauti. Wanawake hawateki maji nami tena. Nikiingia sokoni chumvi inakuwa imekwisha.

Nilikwenda kwa Bulaimu, maana ndiye nimkaribiaye. Heri alimwita baba. Nikamwambia, baba Bulaimu, na wewe? Alinitengea kigoda kwa heshima kabisa, kisha akasema hivi, nakuandikia alivyosema:

"Nuru, mimi sina mugomvi na wewe. Lakini ile nguo ninaijua. Nilikuwa mutoto, tuko ndani ya maji, mimi na dada yangu, tunavutia pumuzi na matete. Juu kwa ukingo iko mutu wa kanzu. Anasimama tu, hasemi kitu. Dada akatoa kichwa. Basi, sikumuona tena mpaka leo. Sasa tena iko mutu wa kanzu kwa ukingo, na nyama ya maji inatoka kwake inakuja kwetu. Unataka nifikiri nini, mutoto wangu?"

Nilirudi nikataka kuing'oa, nikaona nikiing'oa watasema nimekiri. Nikiiacha mimi ni mchawi. Na neno moja tu la kunisafisha ni kusema bwawa langu ni tupu, na nikilisema, Musafiri anachukua shimo lake kabla ya jua kuchwa. Ndipo nilipofika, mdogo wangu.

Nakuuliza jambo, unijibu kama mtu mzima. Baba alituambia ujanani alipita nchi hii akibeba chumvi. Tukakubali chumvi. Wewe ndiye uliyekaa naye barazani miaka yake ya mwisho. Ilikuwa chumvi?

Nuru


Kasongo, 14 Septemba 1954

Dada Nuru, shikamoo.

Haikuwa chumvi.

Hakunieleza kwa mpango. Alikuwa akisema nusu, ananyamaza, anaomba maji ya kutawadha. Alibeba bunduki ya watu wengine, wakamata watumwa, alikuwa kijana, na alisimama mahali alipoambiwa asimame. Mwishoni hakupenda kuvaa kanzu ile, aliivaa Idi tu kwa kuwa watu wangeuliza. Nilipokutumia nilitaka itoke nyumbani, nami niseme nimekusaidia. Sikufikiri inakwenda wapi. Mtu wa mjini anafikiri fisimaji tu ndio wenye macho. Nisamehe.

Kwa kuwa umefungua bwawa lako, nami nifungue mlango wangu. Mama hajambo si kweli. Siku zote tuliambiwa Mama ni mtu wa Nyangwe, mtoto wa waungwana, na hakuna aliyeuliza zaidi. Tangu kabla ya Ramadhani ameanza kusema lugha nisiyoijua. Kiswahili kinamtoka kidogo kidogo, leo jina la Hawa, kesho jina langu. Anaomba kitu tunamletea kingine, analia. Kassimu alimsikia akasema ni Kibangubangu, lugha ya huko Kabambare, lakini yeye anajua kuamkia na kuuliza bei tu. Nimefunga dirisha la upande wa barabara. Naona aibu kuliandika hili: nilifunga ili majirani wasisikie asili yetu. Mtaa wetu unaijua mizizi ya kila mtu isipokuwa yake.

Wewe umeishi huko miaka ishirini na zaidi, umepika na kugombana kwa lugha hiyo. Ndiyo sababu nilikuita, si kwa kupika wala kufagia. Sikuweza kukuandikia kwamba mama yetu anasema na sisi hatumsikii.

Kuna maneno anayoyarudia, hasa asubuhi, nikitoka msikitini na kuingia kumwamkia. Ananong'ona upesi upesi, kisha anajifunika shuka mpaka kichwani na kutulia tuli. Nimeyaandika hapo pembeni kama nilivyoyasikia. Nadhani ananilaani, na sijui nimemkosea nini.

Mpe Musafiri shimo lake. Njoo.

Assumani


Kabambare, 17 Oktoba 1954

Kwa mdogo wangu mpendwa Assumani.

Sina salamu ndefu leo, nisalimie wote. Barua yako niliisoma nimesimama posta, kisha nikaisoma nimekaa chini, karani akaniletea maji. Hakuuliza kitu, na hilo peke yake lilinishangaza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko nilivyochoka siku ya mazishi ya Heri. Nilichoka kuitwa mchawi wa samaki ambao sina. Nikasema basi, kama ni kuondoka niondoke mwenye jina safi. Maji nimekwisha yavulia nguo. Nikamwendea kapita, nikamwomba awaite wenye mabwawa wote, na Musafiri awe mbele.

Walipokusanyika nilichukua jembe la Heri nikatoboa tuta. Maji yalichukua muda kutoka. Yalipokwisha palikuwa na matope, magamba, kaa wawili, na majani ya muhogo ya miezi yote, yameoza. Nikawaambia, hawa ndio samaki wangu wanaonenepa. Mke wa kapita akaanza kulia. Musafiri hakulia, alisema, "Basi shimo iko wazi, kila mutu ameona. Ni ya ukoo." Nikamjibu ni kweli, nami nilikuwa nimefunga mizigo.

Bulaimu akanyanyua mkono. Alisema wakubwa wanakumbuka desturi upande mmoja, upande wa pili wamesahau. Aliyemsingizia mtu hulipa kwa kitu kile kile alichomsingizia. Waliosema Nuru ana samaki wanaonenepa watoe samaki. "Na mimi wa kwanza," akasema, "maana nilifikiri, hata kama sikusema kwa sauti." Kapita akafikiri sana, maana na yeye alikuwemo. Mwishowe akaamua ni haki. Na samaki hai hawawekwi mkononi, akasema, wanawekwa majini, kwa hiyo tuta lizibwe kwanza, maji yarudi, na maji yakiwa na samaki wa Nuru ni ya Nuru. Ungemwona shemeji yako akileta vifaranga vyake katika chungu cha mkewe, amevikumbatia asimwage, uso kama mtu aliyemeza kwinini. Nimecheka kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nikamshukuru kwa unyenyekevu mpaka akakasirika.

Watu walipoondoka Bulaimu alibaki. Tukaitazama kanzu. Nikamwambia lile ulilonijibu, kwamba haikuwa chumvi, na kwamba aliyesimama pale angeweza kuwa baba yangu au mwenzake, sijui. Nikamwambia naichoma leo. Akakataa. Akaivua kwenye miti polepole, akaigeuza, akaikung'uta, akanusa ule udi. Kisha akaivaa. Imempwaya, ilikuwa ya mtu mnene. "Hii nguo ikisimama yenyewe inatisha," akasema. "Ikiwa na mutu ndani, ni nguo tu. Na asubuhi hapa iko baridi." Nililia, naye akaniacha nilie.

Ndiye atakayelinda bwawa nikiwa kwako. Fisimaji wamekwisha rudi. Juzi nimekuta mkia juu ya jiwe, umewekwa vizuri, kama kawaida yao. Bulaimu anawatupia mawe na matusi ya lugha tatu. Huenda wakala nusu, huenda wakala wote. Sina nguvu tena ya kuchukia mnyama anayekula. Anakaa ukingoni na kanzu ile kuanzia alfajiri, na watoto wameacha kuipigia saluti, wanaisalimia.

Nitapanda gari la pamba Ijumaa ijayo, nikija na kikapu cha samaki wa hapa, wakavu kweli safari hii. Naamini ndio aliowataka.

Sasa maneno uliyoandika pembeni. Umeyaandika vibaya lakini nimeyajua, maana nayasikia kila jua likiwaka. Watoto wa hapa huambiana hivyo wakicheza mchezo wa kujificha mtoni. Wao wenyewe hawajui mchezo ulianzia wapi. Maana yake ni hii: zama, usitoe kichwa, wanapita.

Mama hakulaani, mdogo wangu. Hata hasemi nawe. Anasema na mtoto mwenzake aliye karibu naye, majini, anamwonya. Umesema macho yake yanaona weupe na weusi tu, na kwamba hufanya hivyo ukiingia kutoka msikitini.

Fungua lile dirisha. Na kesho alfajiri ukirudi, kabla hujaingia chumbani kwake, ivue kanzu yako, uiache nje.

Dada yako, Nuru